Kumwendea Tabibu Ukiwa Mzima

Ni desturi yetu kumwendea tabibu pale tu maumivu yanapotushinda, nayo desturi hiyo, ambayo kwa maradhi mengi huenda isitudhuru sana, kwa saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iuayo. Kwa maana ugonjwa huu, mpaka utoe ishara zake, kama vile damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, na uchafu wenye harufu mbaya, aghalabu huwa umekwisha kuenea, na jambo ambalo lingemalizwa zahanati kwa muda mfupi huwa sasa ni la mionzi na safari za kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Taksiri hiyo haina udhuru, kwani ni nadra saratani kumpa binadamu muhula mrefu kama huu. Kirusi kiusababishacho, kiitwacho HPV, huambukizwa kwa kujamiiana, na watu walio wengi hukipata wakati fulani wa umri wao pasipo kujua, kisha mwili wenyewe hukiondoa. Lakini kwa wanawake wachache hudumu, na tangu hapo mpaka saratani kamili hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20, ingawa kwa mwenye kinga dhaifu, mathalani anayeishi na VVU bila ya kutumia dawa, yaweza kuwa 5 hadi 10 tu.

Wala kuubaini mapema hakuhitaji mitambo ya fahari. Muuguzi aliyefunzwa humlaza mama kitandani, huupaka mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa kwa pamba, kisha husubiri dakika moja: penye uzima hubaki na rangi yake ya waridi, na palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Weupe huo, ukiwa mdogo, huweza kugandishwa kwa gesi ya baridi kali au kuchomwa kwa kifaa cha joto siku ile ile, na mama akarejea kwake kwa miguu. Mjini Mumbai, India, wanawake walipopimwa hivyo kila baada ya miaka 2 na wahudumu wa afya wasio madaktari, vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31.

Hata hivyo jicho hukosea, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, limekitanguliza kipimo cha kirusi chenyewe, kuanzia umri wa miaka 30, au 25 kwa mwenye VVU. Na fadhila yake kubwa ni kwamba mwanamke huweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti cha pamba, hata aliyekuwa akizuiwa na haya asiwe tena na kizuizi.

Wako wadhanio kwamba chanjo, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018, imekwisha kumaliza shauri. Chanjo humkinga binti asiyepata kuambukizwa. Haimwondolei mama yake kirusi alichonacho tangu ujana. Basi siku binti achanjwapo, mama naye na apimwe, na baba, badala ya kungoja kuuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu, atoe nauli na ruhusa mkewe akiwa bado mzima.