Majina ya Pwani na Masimulizi ya Miamba: Kutoka Changamwe hadi Maji ya Chumvi

Utangulizi

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, umo katika eneo la Changamwe. Msafiri atokaye hapo kuelekea Nairobi hupita Miritini, Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi na Taru. Kwa wanajiolojia, safari hiyo ni ya kurudi nyuma kiwakati, kwani miamba huzidi kuwa ya kale kadiri mtu anavyoipa bahari kisogo. Makala haya yanaeleza jinsi tabianchi na uhai vilivyobadilika katika enzi ya Mesozoiki, iliyoanza miaka milioni 252 iliyopita na kukoma miaka milioni 66 iliyopita.

Nchi Kavu na Mito

Enzi hiyo ilianza kwa msiba. Aina nyingi mno za viumbe, hasa wa baharini, zilikuwa zimetoweka. Mabara yote yalikuwa yameshikana, nayo Afrika Mashariki ilikuwa bara, mbali na bahari kuu. Miamba ya Maji ya Chumvi imehifadhi visukuku vya samaki wa mwanzo wa enzi hiyo. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya maji ya wakati huo. Hapana binadamu aliyeyaonja. Baadaye mito ilitandaza mchanga uliogandamana ukawa mawe ya Mazeras, ambamo hupatikana magogo yaliyogeuka jiwe. Magogo hayo ni ushahidi kwamba miti mikubwa ilistawi huko.

Bahari Yaingia

Bara hilo kuu lilipoanza kupasuka na Madagaska kujitenga na Afrika, bahari iliingia. Takriban miaka milioni 170 iliyopita, maji ya kina kifupi yenye vuguvugu yalilea matumbawe, yakaacha chokaa ya Kambe. Kisha bahari ikazidi kina, na tope laini likatua chini yake. Tope hilo ndilo miamba ya Changamwe, yenye tabaka nyembamba zinazobanduka. Ndani yake wamo amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi na pweza, wenye gamba lililojiviringa mithili ya pembe ya kondoo dume. Mwaka 1877 Mjerumani Ernst Beyrich alichapisha maelezo ya amonaiti wa Mombasa. Dunia ya wakati huo ilikuwa na joto kuliko ya leo, na kusini, huko Tendaguru, Tanzania, dinosaria wakubwa walikuwa wakitembea karibu na pwani. Dinosaria hao, isipokuwa ukoo wa ndege, walitoweka pamoja na amonaiti enzi ilipokoma.

Hitimisho

Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa Kiswahili ni hili: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras, Kambe na Changamwe ni majina ya wenyeji yaliyokwisha kuwa istilahi za sayansi, yakitajwa katika ripoti za kijiolojia zilizoandikwa kwa Kiingereza. Majina yametoka kwetu, lakini maelezo yake hayajarudi kwetu. Wakati barabara na majengo yanazidi kuifunika miamba hiyo, mtoto wa Changamwe husoma habari za bahari ya kale kwa lugha ya kigeni, ilhali bahari yenyewe imo chini ya nyayo zake. Maneno kama visukuku, tabaka na tabianchi tunayo tayari. Kilichobaki ni kuyatumia. Mwacha asili ni mtumwa.