Mashine ya Nyasi Inapokula Oili: Usikimbilie Ringi

Mvua za masika zikishika Kitengela, nyasi za mbele ya nyumba huota haraka kuliko wenyewe wanavyoweza kuzifyeka. Vijana wengi wa Noonkopir, Isinya na mjini Kajiado hujipatia riziki kwa kukata nyasi katika mitaa ya makazi, shuleni na makanisani. Wengi huanza na mashine iliyokwisha kutumika kwa sababu bei ya mpya haishikiki. Hununuliwa kwa akiba ya chama au kwa mkopo wa jamaa. Wiki ya pili inaanza kutoa moshi wa bluu, na mwezi haujaisha injini imekauka oili na kukwama, deni likiwa bado halijalipwa.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya silinda. Hilo halina ubishi. Suala ni oili hiyo imeingilia wapi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, maana jibu la haraka katika karakana nyingi ni kwamba ringi za pistoni zimeisha. Huenda ni kweli. Lakini kufungua injini kunafaa kuwa hatua ya mwisho, baada ya kukagua mambo ambayo hayagharimu chochote.

Maelezo haya yanahusu injini ambayo oili yake ina tundu lake la kujazia. Mashine za kufyekea zinazobebwa begani mara nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na kwa hizo moshi kidogo ni jambo la kawaida.

Rangi ya moshi itazamwe kwa makini, kwa kuwa Kitengela na mji wa Kajiado ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini ndogo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo injini iliyopangwa kufanya kazi pwani hufika hapa ikiwa imepoteza zaidi ya asilimia 15 bila kuwa na ugonjwa wowote. Tena petroli huzidi hewa, moshi ukawa mweusi na plagi ikapata masizi makavu. Dawa ya hiyo ni kurekebisha kabureta na kusafisha kichujio cha hewa. Plagi ya injini inayokula oili huwa tofauti: ina uchafu mweusi wenye unyevu, unaoteleza ukiushika.

Hatua inayofuata ni kipimo cha oili. Injini nyingi za mashine za nyasi hubeba takriban nusu lita tu, na kosa la kujaza kupita alama ya juu ni la kawaida sana. Oili inayozidi hurushwa na mitambo ya ndani hadi ikaingia kwenye silinda. Mashine iwekwe mahali tambarare, izimwe na kuachwa dakika kadhaa, kisha kijiti cha kupimia kifutwe na kurudishwa. Ikiwa kiwango kimepanda bila mtu kuongeza, na oili inanuka petroli, kabureta inavuja kuelekea ndani. Injini ya namna hiyo isiwashwe hadi kabureta itengenezwe na oili yote ibadilishwe, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulainisha chuma.

Namna mashine inavyosafirishwa pia ina lawama yake. Ikilazwa ubavu nyuma ya boda boda huku upande wa kabureta ukiwa chini, oili hutiririka hadi kwenye kichujio cha hewa na silinda. Ikiwashwa itafuka kama jiko la kuni mbichi, halafu moshi upungue baada ya dakika chache. Huo si uchakavu. Kichujio kilicholowa kisafishwe au kibadilishwe, na safari nyingine mashine isimamishwe wima.

Aina ya oili nayo ihakikishwe. Injini nyingi za namna hii zinazopozwa kwa hewa hutumia SAE 30 katika maeneo ya joto. Oili nyepesi kama 10W-30 ikitumika kwenye jua kali inaweza kupungua haraka zaidi.

Mmiliki anafaa pia kupima upungufu wenyewe badala ya kukisia. Ajaze hadi alama ya juu, akate nyasi kwa saa tatu au nne, kisha aongeze oili kwa bomba la sindano lenye vipimo ili ajue ni mililita ngapi zimetumika. Wakati huo huo achunguze chini ya mashine, hasa karibu na mhimili wa kisu, ambako nyasi zilizojisokota huharibu sili. Oili inayodondoka chini haijaungua, na ringi mpya haziwezi kuizuia. Kabla ya mkono kukaribia kisu, waya wa plagi uchomolewe.

Kuna kifaa kidogo ambacho husahaulika mno: kipumulio. Huwa ubavuni mwa injini au chini ya kifuniko cha vali, na kijibomba chake huelekea kwenye kichujio cha hewa. Kazi yake ni kutoa shinikizo ndani ya kasha la oili. Kikiziba au kikikwama, shinikizo hilo huisukuma oili popote penye upenyo, ikiwemo kwenye silinda. Dalili yake ni kichujio cha hewa kilicholowa oili ilhali mashine haijalazwa. Kukisafisha au kukibadilisha ni nafuu mno ukilinganisha na kufungua injini.

Moshi ukiendelea, utazamwe unatoka saa ngapi. Ukifuka asubuhi tu baada ya mashine kulala, kisha ukakoma, oili huenda imepenya taratibu kupitia kwenye vali. Ukizidi kila nyasi zinapokuwa nzito na usikatike, ringi au silinda ndizo za kushukiwa.

Hapo fundi mwenye kompresa, hata ile ya kujaza upepo magurudumu, anaweza kupata jibu bila kufungua injini. Kisu hutolewa kwanza kwa sababu upepo unaweza kukizungusha ghafla. Pistoni huwekwa juu kabisa vali zote zikiwa zimefungwa, kisha upepo wa wastani huingizwa kupitia tundu la plagi. Upepo mwingi ukisikika kwenye tundu la kujazia oili, unapita kwenye ringi au gasketi ya kichwa cha silinda. Ukitokea kwenye bomba la moshi au kwenye kabureta, ni vali. Gasketi ibadilishwe na jaribio lirudiwe kabla ya kuhukumu ringi. Kipimo cha kawaida cha kompresheni kinaweza kudanganya, kwa kuwa injini nyingi hizi zina kifaa kinachopunguza mgandamizo ili kamba ya kuwashia iwe rahisi kuvuta.

Ikithibitika kuwa ni ringi, silinda ipimwe kabla ya vipuri kununuliwa. Kiangazi cha Kajiado kina vumbi jingi, na mashine iliyotumika bila kichujio hunyonya vumbi hilo, likasugua silinda kama msasa. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika hazitazuia moshi kwa muda mrefu. Kuchonga silinda kunahitaji pistoni kubwa zaidi, ambayo kwa injini nyingine haipatikani kabisa. Fundi aombwe bei ya kazi yote, si ya ringi pekee, ili mwenye mashine aamue kama ni heri atafute injini nyingine.

Kwa anayekwenda kununua, mashine inafaa kukutwa ikiwa baridi. Injini yenye joto kabla mnunuzi hajafika huenda imewashwa ili moshi wa kwanza umalizike. Plagi ifunguliwe, na mashine ifanye kazi kwenye nyasi kwa angalau dakika 15. Risiti iandikwe maelezo ya muuzaji kuhusu hali ya mashine, kwani Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa au kiasi ilichotumika.

Oili chafu inayotolewa isimwagwe mtaroni wala kwenye ua. Oili hiyo ni miongoni mwa taka hatari, na familia nyingi za Kitengela zinategemea maji ya visima. Iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, iandikwe kilichomo, na ipelekwe kwenye karakana inayokusanya oili kwa ajili ya wachukuzi wenye leseni ya NEMA.