Kijiji cha Kale cha Rungwe

Mtu atokaye Tukuyu kwenda upande wa Mlima Rungwe hufikia, kati ya migomba, kijiji cha misioni chenye kanisa na nyumba za zamani. Wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walikianzisha mwaka 1891 katika nchi ya Chifu Makapalile. Walitumwa watu wanne. Mmoja wao, Häfner, alikufa mwaka ule ule.

Desturi ya kujenga kijiji cha dini waliitoa kwao Herrnhut, mji ulioanzishwa mwaka 1722 na watu walioikimbia nchi yao kwa kuudhiwa kwa ajili ya imani. Huko vijana wasiooa walikaa katika nyumba yao, na wanawali katika yao. Ajabu ni kwamba Wanyakyusa nao walikuwa na jambo lililokaribiana na hilo. Mtoto mwanamume alipopata umri wa miaka kama 10, aliacha kulala kwa babaye, akajenga na wenziwe kijiji chao wenyewe. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walipooa waliwaleta wake zao hapo hapo, wakazeeka pamoja.

Basi, aliyehamia misioni aliwaacha watu wa rika lake, aliokula nao tangu utoto. Hilo lilikuwa zito kuliko kujifunza kusoma. Hata hivyo wengine walihamia. Na mwaka 1916, Waingereza walipoitwaa nchi hiyo na kuwachukua wamisionari Wajerumani, Wakristo wenyeji waliendelea kukusanyika kwa sala.