Si majivuno pekee yanayomzuia mwenye gari kupanda basi

Mwenye gari mjini Kitale au Bungoma akionekana kwenye steji akingoja basi la Nairobi, wanaomfahamu huuliza iwapo gari limeharibika au limeuzwa. Basi, kwa fikira za wengi, ni la asiye na lake. Mwenye uwezo zaidi huenda Eldoret kupanda ndege, na katika muda usiozidi saa moja angani huwa amefika jijini.

Wapo wanaosema hayo ni majivuno matupu. Majivuno yapo, hilo halina ubishi, lakini hayaelezi yaliyotokea upande wa pili wa nchi. Tangu treni ya Madaraka Express izinduliwe Mei 31, 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, watu wenye magari yao na waliozoea ndege wamekuwa wakigombea tiketi zake, hasa msimu wa Krismasi na Pasaka. Nauli ya daraja la kawaida ilipopandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024, abiria hawakuikimbia. Saa ya kuondoka inajulikana, nauli haipandi ghafla mkesha wa sikukuu, na msafiri halali macho akihofia ajali.

Abiria wa Kitale hukosa yote matatu. Mara nyingi gari huondoka likijaa. Desemba, jamii za magharibi zinaporejea nyumbani kwa wingi, nauli hupanda kadiri foleni inavyorefuka. Kisha kuna barabara yenyewe. Kati ya Nakuru na Eldoret, majina ya Salgaa, Sachang'wan na Migaa yanatajwa kwa hofu. Alfajiri ya Desemba 31, 2017 basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafariki. Serikali ilipiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria, kisha ikalegeza kamba mwezi uliofuata.

Hata hivyo, anayekimbilia gari lake hupita barabara iyo hiyo. Kanuni za mwaka 2014 zinamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Mwenye gari la kibinafsi hazuiwi na yeyote. Hutoka kazini Ijumaa jioni, akapakia jamaa zake, akashika usukani usiku kucha kwa takriban kilomita 380. Ni ajabu kwamba huyu ndiye anayejiona salama.

Je, reli? Tawi la kutoka Leseru lilifika Kitale mwaka 1926, likawa njia ya kusafirishia mahindi ya walowezi, nayo Bungoma imo kwenye reli kuu ya zamani iendayo Malaba na Uganda. Lakini treni ya abiria iliyorejeshwa kwenye reli ya zamani Desemba 2021 ilielekea Kisumu. Reli ya kisasa nayo imechorwa kutoka Naivasha kupitia Narok, Bomet na Kisumu hadi Malaba, mbali na Kitale. Hata ikikamilika, mkazi wa Kwanza atakayetaka kuipanda atalazimika kuchukua matatu hadi Kitale, kisha gari jingine hadi kituo cha reli hiyo, na steji zote mbili atangoja gari lijae.