Makali ya Kisu na Subira ya Fundi

Hapa kwetu Magole, wilayani Kilosa, vijana wengi wanaupenda ufundi wa vyuma. Mashine za kusaga nafaka huharibika, na bushi zake hazina budi kukerezwa upya. Ni kazi ya halali, tena yenye manufaa kwa majirani. Lakini tulimwona kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wetu, amevunja kisu cha kukatia katika kerezo la nyumbani kwao. Kipande kiliruka kikampasua shavu, chini kidogo ya jicho. Tulipokitazama kisu kile, tukaona kosa ni la unoaji.

Kisu cha kukatia ni kile chembamba, aghalabu cha milimita 2 au 3, kinachotenga kitu kilichokwisha kukerezwa na chuma kilichobaki. Huzama ndani ya mfereji kinaoukata chenyewe. Kwa hiyo yapasa makali yawe mapana kuliko mwili ulio nyuma yake. La sivyo mbavu zitasugua kuta za mfereji, na kisu kitabanwa kivunjike. Kijana wetu, kwa haraka, alikuwa amezinoa mbavu karibu na ncha, makali yakawa membamba kuliko mwili.

Basi anayenoa na anoe uso wa mbele tu, akiulaza uingie ndani kwa chini kadiri ya digrii 6 hadi 8. Atumie mzingo wa jiwe, wala si ubavu wake, maana jiwe laweza kupasuka. Kisu cha chuma cha kaboni akichovye majini mara kwa mara. Kikigeuka rangi ya samawati, ugumu wake umepotea. Kisha amalizie kwa kinoo chenye mafuta. Atakapokifunga, ncha ilingane na kitovu cha kazi, na kisu kisichomoze mno.

Tena avae miwani ya kukinga macho, wala asisimame penye mashine na kanzu ya mikono mipana.

Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kutenda kila jambo kwa wema, hata akataja kukinoa kisu cha kuchinjia ili mnyama asiteseke. Ikiwa mnyama ameonewa huruma hiyo, je, jicho la mwanao? Enyi wazazi, mnunulieni kijana miwani kabla ya kumnunulia jiwe la kunolea.