Astrolabu ya Esmeralda: Kipima Jua Kilichozama Oman

Je, wajua kwamba astrolabu ya baharia iliyo kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani haikupatikana Lisbon wala Sevilla, bali katika maji ya Oman? Wapiga mbizi waliiibua mwaka 2014 kwenye ghuba ya Ghubbat ar Rahib, kisiwani Al Hallaniyah, kusini mwa nchi hiyo. Ni kisahani cha aloi ya shaba chenye kipenyo cha sentimita 17.5. Unene wake haufiki milimita 2, na uzito wake ni gramu 344 tu. Usoni kimechorwa nembo mbili: ngao ya ufalme wa Ureno, na tufe lililoundwa kwa pete zinazopishana, alama ya Mfalme Manuel I.

Nembo hizo ndizo zilizofichua umri wake. Manuel alirithi kiti cha ufalme Oktoba 1495, na merikebu iliyokibeba kisahani hiki, Esmeralda, iling'oa nanga Lisbon mwaka 1502. Basi wataalamu wanakisia kilitengenezwa kati ya 1496 na 1501, siku zilezile Vasco da Gama alipokuwa akiitafuta njia ya Bara Hindi kwa mara ya kwanza.

Kazi ya astrolabu ya baharia ni moja: kupima jua limepanda kiasi gani. Baharia anaining'iniza kwa pete yake ili isimame wima kwa uzito wake yenyewe. Katikati pana mkono unaozunguka, na kwenye mkono huo vimesimamishwa vibamba viwili, kila kimoja na tundu lake. Adhuhuri inapokaribia, baharia halitazami jua, kwani angejiharibu macho. Anauzungusha mkono taratibu mpaka mwali upenye tundu la juu na kutua barabara kwenye tundu la chini, kisha anasoma nyuzi pale ncha ya mkono ilipoelekea. Anarudia tena na tena, maana anachokitafuta ni kilele: jua hupanda, huonekana kama limetulia kidogo, halafu huanza kushuka. Namba kubwa kuliko zote ndiyo ya siku hiyo.

Sasa tuseme uko Malindi, siku ambayo jua liko juu ya Ikweta kabisa. Adhuhuri utalipata upande wa kaskazini, kwenye nyuzi 87 hivi. Toa 87 katika 90, zinabaki 3, na kweli Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa Ikweta. Lakini jua halikai juu ya Ikweta mwaka mzima. Miezi mingine liko kaskazini yake, mingine liko kusini, hadi nyuzi 23 na nusu kila upande. Asiyejua liko wapi leo, hesabu yake yote ni bure. Ndiyo maana chombo hiki hakikuwa na maana bila kitabu cha majedwali yanayoonyesha jua liko wapi kila siku.

Mwandishi wa kitabu kilichojulikana zaidi alikuwa Abraham Zacuto, mnajimu Myahudi wa Salamanca. Hispania ilipowafukuza Wayahudi mwaka 1492, alikimbilia Ureno na kupokewa na Mfalme João II. Majedwali aliyoyaandika kwa Kiebrania yalitafsiriwa na mwanafunzi wake José Vizinho, yakachapwa mjini Leiria mwaka 1496. Desemba ya mwaka huohuo, Manuel, yule mwenye nembo ya tufe, akatoa amri ya kuwafukuza Wayahudi na Waislamu nchini mwake. Zacuto akafunga safari tena, mara hii akaenda Tunis. Kila nikisoma habari hii roho inaniuma. Mabaharia wa Ureno waliendelea kuzifuata hesabu zake kila adhuhuri katika bahari za mbali, ilhali mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuishi pwani walikotokea.

Na si elimu ya Zacuto peke yake waliyoitumia. Astrolabu ya asili, ile ya wanajimu, ina mizizi Ugiriki ya kale. Wataalamu wa Kiislamu waliiboresha kwa karne nyingi, wakaitumia kujua saa, nyakati za sala na mwelekeo wa kibla, nayo ikaingia Ulaya kupitia Andalusia. Wareno waliondoa ramani yake ya nyota na michoro yake mingi, wakabakiza duara, nyuzi na mkono. Sababu ilikuwa moja. Baharia wa Ulaya alizoea kujua alipo kwa Nyota ya Kaskazini, na Wareno walipovuka Ikweta katika miaka ya 1470, nyota hiyo ilizama chini ya upeo. Huko kusini lilibaki jua.

Juu ya sitaha kazi ilikuwa ngumu. Mwaka 1500 mnajimu aliyejulikana kama Mestre João alishuka kwenye pwani ya Brazili akiwa na msafara wa Kireno wa Pedro Álvares Cabral. Alipima jua akiwa nchi kavu, akapata kwamba yuko nyuzi 17 hivi kusini mwa Ikweta, na leo tunajua hakukosea hata uzi mmoja mzima. Lakini katika barua yake kwa mfalme alilalamika kwamba majini merikebu huyumba mno, hata vipimo vya nyota hukosewa kwa nyuzi 4 au 5. Uzi mmoja ni kilomita 111. Kwa pwani yetu, nyuzi 5 ndiyo tofauti ya Mombasa na Kilwa. Nahodha aliyekosea kiasi hicho angeweza kuutafuta mji mmoja akajikuta kwenye mwingine.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi nao walikuwa na vipimo vyao, kikiwamo kamal, kibao kidogo chenye uzi wenye mafundo cha kupimia urefu wa nyota juu ya upeo. Mwanahistoria João de Barros, katika kitabu kilichochapwa 1552, anaeleza kwamba Vasco da Gama alipomwonyesha astrolabu rubani aliyempata Malindi mwaka 1498, rubani hakushangaa hata kidogo. Alijibu kwamba marubani wa Bahari ya Shamu wana vyao vya shaba.

Esmeralda yenyewe haikuwa merikebu ya elimu. Ilikuwa katika msafara wa pili wa da Gama, ambao Julai 1502 ulimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa vitisho vya mizinga. Nahodha wa Esmeralda alikuwa Vicente Sodré, mjomba wa da Gama, aliyeachwa nyuma na kikosi chake kulinda vituo vya Wareno pwani ya Bara Hindi. Badala ya kulinda, alielekea mlango wa Bahari ya Shamu, akateka vyombo vya Waarabu, akapora shehena na kuua watu. Baada ya hapo kikosi kikatia nanga Al Hallaniyah kutengeneza merikebu.

Wavuvi wa kisiwa hicho waliwaonya wageni kwamba upepo mkali wa kaskazini unakuja, wahamie upande wa pili. Merikebu ndogo zikahama. Vicente na ndugu yake Brás wakabaki na zile kubwa, wakiziamini nanga zao za chuma. Mwezi Mei 1503 upepo ukafika kama ulivyotabiriwa. Esmeralda ikakatika nanga, ikagonga miamba, Vicente akafa maji. Ukiniuliza, maarifa makubwa kuliko yote kisiwani siku ile yalikuwa ya wale wavuvi. Astrolabu ingeweza kumwambia nahodha yuko nyuzi ngapi kaskazini mwa Ikweta, lakini juu ya upepo wa mwezi Mei katika ghuba ile haikuwa na la kumwambia.

Astrolabu ya baharia ilikuwa bado inakua. Kisahani cha Esmeralda kimezibwa chote, na tena ni chepesi, kwa hiyo upepo wa sitahani ulikitikisa kwa urahisi. Kufikia katikati ya karne ya 16 mafundi walikuwa wakizisubu astrolabu nene na nzito, zenye nafasi kubwa wazi kama gurudumu, ili upepo upite. Nyingi kati ya zile mia moja na kidogo zilizosajiliwa hadi leo ni za umbo hilo.

Kilipoibuliwa, kisahani kilionyesha nembo tu, wala hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni astrolabu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walikipiga picha za leza kwa usahihi wa hali ya juu, kisha wakauchunguza uso wake kwenye kompyuta. Kwenye robo ya juu kulia ikajitokeza mistari 18 isiyoonekana kwa macho. Robo ya duara ni nyuzi 90. Zigawe kwa 18, kila nafasi ni nyuzi 5. Ubishi ukaisha. Mistari hiyo inaeleza pia adhuhuri za Esmeralda zilivyokuwa: kati ya mstari mmoja na mwingine aliyeshika pete alikisia kwa jicho, huku sitaha ikiyumba chini ya miguu yake.