Kumiliki Jina la Tovuti Lenye Mwenyewe

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, wapo vijana wanaosajili anwani za tovuti, yaani majina ya kikoa, kwa majina ya makampuni mashuhuri, kisha hungoja wenyewe waje kuyanunua kwa bei kubwa. Wakiulizwa, hujibu kuwa aliyetangulia ndiye mwenye haki, kama vile anayehuisha ardhi mfu huimiliki.

Hoja hiyo haisimami. Ardhi mfu ni ile isiyo na mwenyewe. Tena mafakihi hawakumpa umiliki aliyezungushia mawe tu bila kulima, Sayyidna Umar (R.A.) alimwekea mtu huyo muda wa miaka 3, ukipita hana haki tena. Ama alama ya biashara ina mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha 5 huko Kuwait, Desemba 1988, liliazimia kuwa jina la biashara na alama yake ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia.

Nchini Marekani, Dennis Toeppen alisajili panavision.com mwaka 1995, akaweka humo picha za mji wa Pana, Illinois, kisha akaitaka kampuni ya Panavision dola 13,000 ili aiachie anwani hiyo. Mwaka 1998 akashindwa katika Mahakama ya Rufani. Sheria ya mwaka 1999 ya nchi hiyo ikaruhusu fidia ya hadi dola 100,000 kwa jina moja. Na malipo yanayotolewa kwa kubanwa namna hii, sisi hatuyaoni kuwa ile biashara ya kuridhiana iliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 29.

Lakini si kila mfanano ni dhulma. Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ikamshitaki mwaka 1999, wakavutana miaka mingi, na jina likabaki kwake mpaka alipofariki mwaka 2020.

Anayesajili jina la .com, awe Tanga au Mombasa, amekwisha kukubali kanuni za ICANN za mwaka 1999. Mlalamikaji hutakiwa kuthibitisha kuwa jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kuwa msajili hana haki wala maslahi halali nalo, na kuwa alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Naam, hata wao wanaipima nia!

Basi mzazi amtake kijana aulize kwanza BRELA, au KIPI kwa walioko Kenya, kama jina hilo ni alama iliyosajiliwa. Na akiletewa malalamiko asiyapuuze: hupewa siku 20 za kujibu, na asipojibu shauri huamuliwa bila yeye, na jina laweza kuhamishiwa kwa mlalamikaji.